Bakari au Abubakar? Maadili ya Kumpa Mwana Jina la Wazee

Utangulizi

Siku ya saba baada ya mtoto wa kiume kuzaliwa, katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani ya Kenya, mbuzi wa akika huchinjwa, kichwa cha mtoto hunyolewa, na jina hutajwa mbele ya jamaa. Aghalabu jambo hilo hupita bila neno. Lakini hutokea pia kwamba baba akatamka 'Bakari', jina la babake aliyefariki, na chumba kikanyamaza. Shangazi wa mtoto huuliza iwapo hapana jina lingine, maana hilo ni la kishamba. Mama huchelea kwamba mwanawe atachekwa na wenzake shuleni. Kijana mmoja aliyesoma Kiarabu husema kwamba ikiwa hapana budi, basi na liwe 'Abubakar', kwa kuwa hilo ndilo jina lenyewe, na 'Bakari' ni ulimi wa wazee waliokuwa hawajui kulitamka. Baba hushikilia lake. Shauri hilo laonekana dogo, nalo huamuliwa kabla ya pilau kupoa. Hata hivyo, ndani yake mna swali la maadili lisilo dogo: mzazi ana haki gani ya kumbebesha mtu mwingine, asiyeweza kukubali wala kukataa, jina ambalo wengi wa rika lake watalihesabu kuwa limepitwa na wakati?

Makala haya yanadai kwamba shutuma ya kupitwa na wakati haina uzito wa kimaadili unaodhaniwa, kwa sababu ni hukumu juu ya watu waliolichukua jina wala si juu ya jina lenyewe. Yanadai pia kwamba kuanguka kwa shutuma hiyo hakutoshi kumpa baba ushindi, kwa maana uzee wa jina nao si hoja. Linalobaki kuamuliwa ni uhusiano baina ya mpaji na mpewa: je, jina hutolewa kwa ajili ya nani?

Jina Huzeekaje?

Nguo huchakaa kwa kuvaliwa. Jina halichakai kwa kuitwa. Huzeeka kwa kutoitwa. Watoto wakomapo kupewa jina fulani, wenye jina hilo waliosalia huwa watu wazima, kisha wazee, kisha marehemu. Masikio ya vijana hulizoea likiwa pamoja na mikongojo, kofia zilizofifia na dua za maziko. Hapo husemwa kwamba jina hilo ni la wazee. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ukweli wake ni zao la uamuzi wa watu wala si sifa iliyomo ndani ya jina. Amwachaye 'Bakari' kwa kuwa ni jina la wazee hulifanya liwe la wazee zaidi kuliko alivyolikuta, kisha matokeo ya tendo lake huyatumia kuwa sababu ya tendo hilo hilo.

Fauka ya hayo, dhana ya kupitwa na wakati huuona wakati kama njia iliyonyooka, isiyorudi nyuma. Utaratibu wa kumpa mjukuu jina la babu yake hauuoni hivyo. Katika mfuatano kama Bakari bin Ali bin Bakari bin Ali, majina mawili hupokezana zamu kizazi baada ya kizazi. Jina la babu halirudi kwa kuwa lilisahauliwa likakumbukwa. Hurudi kwa kuwa zamu yake imefika. Baadhi ya mama, kwa heshima ya wakwe zao, hawathubutu kumkaripia mtoto kwa jina la baba mkwe, hivyo humwita 'Babu', naye mtoto wa miaka mitatu huitika bila kustaajabu. Katika nyumba kama hiyo swali la iwapo jina ni la kisasa halina pa kusimama, kama vile isivyokuwa na maana kuuliza iwapo Ijumaa imepitwa na wakati.

Ni dhahiri basi kwamba linaloshutumiwa si jina. Ni nani wanaokumbukwa likitajwa? Bakari, Juma, Hamisi na Athumani ni majina ya wavuvi, makuli wa bandarini, waashi na wakwezi wa minazi. Ni majina yaliyojaa katika hesabu za shule za msingi, ambamo Juma hununua maembe na Hamisi akamgawia Ali nusu yake. Neno 'kishamba' hulifichua jambo hili waziwazi: hutaja mahali na tabaka, wala halitaji umri. Anayelikwepa jina la babake kwa sababu hiyo hujitenga na kazi iliyomlea.

Historia nayo haikubali kwamba jina hilo ni la watu duni pekee. Mtawala wa Witu aliyewakabili Waingereza mwaka 1890, hata mji wake ukateketezwa, alikuwa Fumo Bakari. Jina lake liliunganisha cheo cha kale cha waswahili wa kaskazini na jina la Kiislamu lililokwisha kukubaliana na ulimi wao. Aidha, mwandishi wa Bagamoyo ambaye Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, humtegemea kwa sehemu kubwa, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Yeye alifundisha Kiswahili Berlin na kufariki Ujerumani mwaka 1927. Jina lake la kwanza lamaanisha mtu aliyetoroka. La babake leo laitwa la kishamba. Hakuna lolote kati ya hayo lililomzuia kuwaachia wasomi mojawapo ya nathari muhimu za Kiswahili.

Bahari na Bakari

Hoja ya kijana aliyesoma Kiarabu ni nzito kuliko ya shangazi, na yastahili jibu la pekee. Yeye halichukii jina. Husema kwamba umbo lake lina kosa. Kwa maoni yake, kumwita mtoto 'Abubakar' ni kumrudisha Abu Bakr, sahaba wa Mtume na khalifa wa kwanza, mahali pake.

Kwa upande wa lugha hoja hiyo haisimami. Kiswahili hupendelea silabi wazi, yaani zinazoishia kwa irabu, na maneno yaliyopokewa kutoka Kiarabu yalitii kanuni hiyo. Bahr ikawa bahari, fakhr ikawa fahari, qabr ikawa kaburi, nadhr ikawa nadhiri. Kwa kanuni hiyo hiyo Bakr ikawa Bakari, Uthman akawa Athumani, Umar akawa Omari na Khamis akawa Hamisi. Hakuna anayesema kwamba wavuvi wa Lamu walishindwa kuitamka bahari. Iwapo bahari ni neno sahihi la Kiswahili, ni vigumu kuona ni kwa sababu gani Bakari liwe kosa.

Wala haiwezekani kusema kwamba wazee walilegeza matamshi kwa ujinga. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, ulitungwa Pate kwa hati za Kiarabu juu ya vita vya zama za Mtume. Mtunzi wake anajulikana kwa jina la Mwengo wa Athumani. Msomi aliyeweza kuibeba historia hiyo ndefu katika bahari ya utenzi hakuona haya kumtaja babake kwa umbo la Kiswahili. Kwake umbo hilo halikuwa kosa la kusahihishwa. Lilikuwa ndilo jina.

Yaweza kujibiwa kwamba majina ya watu si kama nomino za kawaida, na kwamba heshima ya mtu mtukufu yadai jina lake lisibadilishwe. Hapa mjadala wa pwani unakutana na mjadala wa kale. Katika Cratylus ya Plato, Cratylus hushikilia kwamba kila kitu kina jina lake sahihi kwa maumbile, ilhali Hermogenes husema kwamba usahihi wa jina watokana na makubaliano ya watumiaji. Kijana aliyesoma Kiarabu yu upande wa Cratylus. Falsafa ya baadaye imempa Hermogenes nguvu zaidi, ingawa kwa njia asiyoitazamia. Mwaka 1843 John Stuart Mill alidai kwamba jina la mtu humtaja tu bila kumpa sifa yoyote. Saul Kripke, katika mihadhara ya mwaka 1970 iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1980, alieleza kwamba jina humfikia mwenyewe kwa mnyororo: mtu hupewa jina, wengine hulipokea kwao waliotangulia, nao huwapokeza wengine. Silabi zaweza kubadilika njiani na mnyororo usikatike. Ndiyo maana Kiarabu husema Yusuf na Musa ambapo Kiebrania kina matamshi yake, na pande zote mbili huwataja watu wale wale.

Ikiwa ni hivyo, Bakari humtaja yule yule aliyekusudiwa na Abubakar, na anayechagua umbo moja hamzidi mwenziwe kwa uchaji. Tofauti iko kwingine. Mnyororo wa Bakari hupita katika nyumba ya babu kabla ya kufika Makka na Madina. Abubakar, likichaguliwa makusudi badala ya Bakari, huruka pete zote za katikati: mabaharia, mafundi na walimu wa chuoni walioipokea dini na kuitamka kwa lugha yao. Kuziruka si dhambi. Lakini kuziruka kwa madai kwamba hazikuwa zimeunganishwa vyema ni kuwadhulumu watu ambao hawawezi tena kujitetea.

Mwandishi na Mzazi

Mhakiki wa fasihi huzoea kuyasoma majina ya wahusika kama ufunguo. Mbinu ya majazi, ambayo kwayo jina hulingana na tabia au hali ya mhusika, imeenea katika fasihi ya Kiswahili. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anamweka Adili katikati ya ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, na msomaji hana haja ya kusubiri vitendo vyao. Katika Asali Chungu (1977), Said Ahmed Mohamed anamwita Dude kijana aliyezaliwa nje ya ndoa, na jina hilo linamnyima hata utu kabla hajasema neno. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anampa mtumishi jina la Kijakazi, na mfumo mzima wa ubwana na utumwa ukaingia katika wito mmoja wa asubuhi.

Hakuna baba awezaye kumwita mwanawe Hasidi. Mwandishi anaweza, kwa sababu aujua mwisho wa hadithi naye ndiye auamuaye. Mhusika hana maisha nje ya kurasa. Jina lake halimdhulumu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine ambaye angaliweza kuwa. Mzazi hana ujuzi huo wala mamlaka hayo. Mtoto aliye mbele yake ana mwisho usiojulikana, na jina litakalomfaa ni lile linaloacha mwisho huo wazi. Jambo ambalo ni ustadi katika riwaya ni unyang'anyi katika malezi.

Kwa kipimo hiki, majina yanayosifiwa kuwa ya kisasa hayako huru kuliko ya kale. Mzazi ampaye mwanawe jina la Rayyan, ambalo ni mlango wa peponi wa wafungao saumu, amemwombea dua njema na hapana wa kumlaumu. Hata hivyo ametumia majazi: ameandika matarajio yake juu ya paji la uso la mtoto. Bakari halina mzigo wa namna hiyo. Ingawa bakr katika Kiarabu huhusishwa na ngamia mchanga, hakuna mzazi wa Mombasa amfikiriaye ngamia siku ya akika. Jina hilo halisemi mtoto awe nani. Lasema ametoka kwa nani.

Hapa pana pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Jina la babu nalo ni matarajio. Likiwa babu alikuwa mtu wa kusifika, mjukuu hukua katika kivuli chake, na kila kosa lake hupimwa kwa marehemu: Bakari hakuwa hivi. Kivuli hicho chaweza kuwa kizito kuliko dua ya Rayyan, kwa sababu dua haina uso, ilhali babu anakumbukwa na jirani zake. Kwa hiyo urithi wa jina haumwachi mtoto huru kwa wenyewe. Humwacha huru pale tu ambapo jamaa husimulia maisha yote ya babu, pamoja na madeni aliyokopa, safari alizoshindwa na hasira zake. Babu aliyesimuliwa kikamilifu huwa binadamu, na mjukuu hupata nafasi ya kuwa binadamu mwingine.

Uzee Si Hoja

Ikiwa upya wa jina haulipi thamani, uzee pia haulipi. Wanaotetea majina ya asili hupenda kuimaliza mijadala kwa methali kwamba mwacha asili ni mtumwa. Pwani hii, ambako hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907, yaijua methali hiyo kwa upande wake wa pili. Mabwana waliwaita watumwa wao Feruzi, Almasi na Mabruki, majina ya vito na ya baraka ambazo hazikuwa zao. Mtu aliyeachwa huru akaliacha jina alilopewa na bwana wake hakuwa mtumwa kwa kuacha. Kwake methali ilipinduka: aliyeacha ndiye aliyekuwa huru. Majina hayo yalikuwa ya kale, na ukale wake haukuwa hoja ya kuyahifadhi.

Mafundisho ya dini yenyewe hayamtetei mwana kwa kuwa tu alikuwa mtiifu kwa babake. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, alishauriwa na Mtume aitwe Sahl, yaani wepesi. Alikataa, akasema halibadilishi jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alisema kwamba ugumu haukuwatoka katika ukoo tangu hapo. Kisa hiki chamgusa baba wa Mombasa kwa sababu alisema maneno yale yale. Uaminifu kwa marehemu ni wema, lakini si wema uwezao kushinda madhara ya aliye hai. Tofauti baina ya Hazn na Bakari ni kwamba la kwanza lina maana yenye kuumiza, na la pili lina umri tu. Tofauti hiyo hutosha kumwondolea baba lawama. Haitoshi kumpa haki ya kutosikiliza.

Yafaa pia kutofautisha kuchagua na kuchaguliwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alichapisha riwaya zake za kwanza kwa jina la James Ngugi, kisha katika miaka ya 1970 akaliacha James. Tendo hilo lilikuwa la mtu mzima juu ya nafsi yake, na gharama zake alizibeba mwenyewe. Mzazi huchagua kwa niaba ya mwingine, na gharama hubebwa na asiyechagua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inatamka kwamba kila mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Haki hiyo ni ya mtoto. Si ya baba anayetaka kumlipa babake deni, wala si ya kijana anayetaka kusahihisha matamshi ya ukoo.

Hivyo basi, hofu ya mama, ambayo katika mabishano hayo husikilizwa mwisho, ndiyo iliyo karibu zaidi na kiini cha jambo. Shangazi huwafikiria majirani. Kijana huifikiria sarufi. Baba humfikiria babake. Mama ndiye amfikiriaye mtoto akiwa peke yake katika uwanja wa shule. Kuchekwa kwa mtoto hakuthibitishi kwamba jina ni baya, maana watoto hupata la kucheka katika jina lolote. Lakini huonyesha kwamba mtoto atahitaji kitu cha kushika mkononi siku hiyo, na kitu hicho hawezi kukipata katika methali.

Hitimisho

Swali la iwapo baba ana haki ya kumwita mwanawe Bakari haliwezi kujibiwa siku ya saba. Hujibiwa miaka saba baadaye, mtoto atakaporudi kutoka shuleni na kuuliza ni kwa nini hakuitwa kama wenzake. Ikiwa baba atajibu kwamba hilo ni jina la asili na wanaocheka wamepotea, basi alikuwa ametafuta askari wa kumpigania vita vyake, na mama alikuwa na haki ya kuchelea. Ikiwa ataweza kuketi naye barazani na kumweleza babu Bakari alikuwa nani, alifanya kazi gani, alimpenda nani na alikosea wapi, hapo jina limetolewa kwa mtoto kweli. Ni sharti pia aweze kuongeza kwamba, akikua na akataka kuitwa vingine, hatakuwa amemsaliti mtu.

Jina la kale lisilo na simulizi ni mzigo mtupu, na jina jipya lisilo na simulizi ni pambo tupu. Baba ambaye hamjui babake kiasi cha kumsimulia afadhali amwite mwanawe jina jingine lolote. Amjuaye hana haja ya kuomba radhi kwa uzee wa jina, wala ya kujivunia uzee huo. Ana kazi ya kufanya, nayo huanza pale mgeni wa mwisho aondokapo na sufuria za akika zikaoshwa.